Mwaka Niliomnyima Baba Minza Chumvi

Mwezi uliopita simu yangu iliita, namba siijui. Sauti ya mwanamke ikaniuliza kama mimi ndiye Kabula, yule aliyekuwa akisoma hadithi jikoni kwa Mama Zawadi, kule machimboni Nyang'hwale. Nikasema ndiye. "Dada, mimi Minza," akasema. "Baba amelazwa Kolandoto. Hali yake si nzuri, na kila siku anakuulizia wewe." Watu wengine wakisikia adui yao yuko kitandani huingiwa na huruma, wakaanza kusamehe hata kabla hawajaombwa. Mimi nilifungua kabati nikatafuta gauni langu zuri kuliko yote. Nilitaka yule mzee anione nimenenepa, nimevaa viatu vya maana, na bado ninapumua. Kutoka nyumbani kwangu Shinyanga mjini mpaka Kolandoto si mbali, lakini njiani nilipata muda wa kuukumbuka mwaka wote ule.

Sitaanza na habari za ukoo, nani alimzaa nani na tulihama kutoka wapi. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na kaka mmoja, Shija, na kwamba alikufa chini ya ardhi nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa mwanaapolo, ndivyo wanavyoitwa wachimbaji wadogo, na alikuwa akishuka kwenye duara la Baba Minza. Duara ni lile shimo lenyewe la dhahabu, na mwenye duara ndiye mwenye amri: kamba ni zake, matimba ya kuzuia udongo ni yake, na ndiye anayesema leo mnashuka au hamshuki. Matimba yalikuwa yameoza na vijana walishasema. Akawaambia wanaoogopa waende wakalime. Duara likatitia na Shija na wenzake wawili wakabaki chini. Wakubwa walipokuja kuuliza, Baba Minza aliwaambia hakuna mtu mle ndani, vijana hao wamekimbilia kwenye rashi, dhahabu mpya iliyogunduliwa Runzewe. Kisha akaziba mdomo wa shimo kwa mabanzi na udongo. Kila mtu pale alijua, na kila mtu alinyamaza, kwa sababu eneo likifungwa wote wanakosa ugali. Mama yangu alipopata habari alikataa kukaa matanga. "Nimlilie nani?" alisema. "Nileteeni mwanangu nimwone, ndipo nitalia." Akanitazama mimi. "Kabula, nenda kakae huko mpaka umlete."

Ndivyo nilivyofika kwa Mama Zawadi. Alikuwa mama lishe, mtu wa Kigoma, mnene, mwenye sauti ya kukemea hata anapokubembeleza, na ndiye aliyekuwa akimpikia Shija. Alinipa chumba nyuma ya jiko, chumba cha mabati kilichokuwa kimejaa magunia ya udaga wa mihogo na ndoo za dagaa, kwa hiyo mpaka leo nikisikia harufu ya dagaa wakavu nasikia na harufu ya godoro langu. Kazi yangu ilikuwa kuosha sahani, kusonga ugali na kupepeta. Jiko lenyewe lilikuwa turubai juu ya miti, mafiga matatu makubwa, na mabenchi mawili ambayo wanaapolo walikalia wakiwa weupe kwa vumbi la mawe kuanzia nyusi mpaka kucha. Wakila wanaongea. Usipokuwa na haraka ya kuondoa sahani unasikia kila kitu: nani kaota nyoka kwa hiyo leo atashuka wa kwanza, mganga gani kamwambia nani achinje kondoo mdomoni mwa shimo. Niliwasikia pia wakimtaja Shija kwa sauti ya chini, wakitazama nyuma. Nilijaribu kulifikisha jambo hilo kwa wenye mamlaka nikaambiwa nilete mashahidi. Mashahidi! Wote walikuwa pale kwenye benchi, wanakula, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kufungua mdomo kwa kazi nyingine.

Basi nikanunua kaunta buku. Shuleni nilikuwa msomaji wa riwaya mpaka walimu waliniona kero, na nilikuwa nimejaribu kuandika vihadithi vya mapenzi visivyofika popote. Safari hii nilijua ninachotaka. Nilitaka kumuua Baba Minza, na kwa kuwa sikuwa na panga wala ubavu, nilitaka kumuua polepole, kwa kalamu, watu wakisikia. Riwaya niliipa jina Waliobaki Chini. Chini ya machimbo kuna nchi, na wote waliofukiwa wanaishi humo chini ya malkia asiye na kope. Kila baada ya siku saba malkia anamruhusu mmoja wao apande juu, aende kwa mtu aliyewaziba, amnyang'anye kitu kimoja. Si mali. Kwanza kivuli chake, kisha usingizi wake, kisha ladha ya chumvi kwenye ulimi wake, na kuendelea hivyo mpaka abaki ganda tupu. Mtu huyo nilimpa jina lingine, lakini nilimpa kofia ya Baba Minza, kikohozi cha Baba Minza, na nyumba ya Baba Minza yenye mlango unaotazama magharibi.

Utaratibu wangu ulikuwa wa wiki, na mpaka leo, baada ya vitabu vitatu vilivyochapishwa, bado ninaandika kwa wiki. Jumatatu mpaka Alhamisi naandika asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa mchana. Ijumaa nanakili upya kwa mwandiko safi. Jumamosi alasiri, sahani zikiisha, nasimama karibu na mafiga nasoma sura nzima. Wiki ya kwanza nilipata kurasa sita na wasikilizaji wanne, na mmoja alikuwa amelala. Wiki ya pili kurasa tano, zote mbovu. Nikazitia motoni, nikasoma nyingine niliyoiandika kwa hasira Jumamosi hiyohiyo, na ndiyo ikawa nzuri. Kufikia wiki ya tano mabenchi hayakutosha, watu walikalia ndoo. Nilikuwa mwizi mkubwa: chochote nilichokiona jikoni katikati ya wiki kiliingia kwenye sura ya Jumamosi. Mtu akija na bandeji kidoleni, Jumamosi mmoja wa wafu ana bandeji kidoleni. Wanaapolo walifurahi kujisikia humo. Hakuna aliyesema hadithi inamhusu nani, na hakuna ambaye hakujua.

Mama Minza, mke wa yule mzee, alikuwa mteja wetu wa maandazi. Wiki ile niliyosoma sura ya chumvi alikuwa amesimama pembeni na bakuli lake. Jumatatu akaja asubuhi na mapema. "Wangaluka," akasalimia, nasi tukamwitikia. Kisha akaomba chumvi. Mama Zawadi akamuuliza kama dukani imeisha. "Ipo," akasema, hajui atazame wapi. "Lakini mzee anasema ya nyumbani haina ukali. Tangu jana kila anachokula ni maji matupu." Loh! Niliingia chumbani nikafunga mlango, nikaziba uso kwa kanga nikacheka mpaka machozi yakatoka. Moyo wangu ulikuwa burudani tupu. Wiki iliyofuata tukasikia Baba Minza ameziba mlango wake wa magharibi kwa tofali, sasa watu wake wanazunguka nyuma kama wezi. Hakuwa mjinga yule mzee. Ila machimboni mtu akiota ndoto, ndoto hiyo inasikilizwa kuliko maneno ya mhandisi. Na yeye aliamini wafu wa shimo lake wamejichagulia mdomo wa kusemea, na mdomo huo ni wangu. Waliosikiliza kama wanaosikiliza hadithi walikuwa wengine wote. Yeye alisikiliza kama anayesomewa mashtaka.

Wiki ya kumi na tatu, siku ya Jumatano, alikuja mwenyewe. Nilikuwa namenya mihogo. Alisimama karibu na kuni, kofia mkononi, mtu mzima wa umri wa baba yangu, na nikaendelea kumenya. Kwetu huwezi kumwona mtu mzima ukamnyima shikamoo. Ni tusi, ni bora umtemee mate. Nikamnyima. Alingoja, akaona haiji, akasema mwenyewe, "Marahaba." Kisha akakaa kwenye ndoo.

"Kabula," akasema, "hao watu wanataka nini?"

"Watu gani?"

"Usinitese, mwanangu. Hao wa kwenye daftari. Wanataka kondoo? Wanataka niite mganga? Sema nifanye, gete, kweli nitafanya."

Jibu lilikuwa mdomoni. Wanataka kutolewa, Baba Minza, fungua shimo nimpeleke kaka yangu kwa mama. Maneno hayo tu. Ningeyasema, na naamini angesimama palepale akaenda kutafuta makoleo. Lakini nilimwona alivyokonda, nikaona shingo inavyocheza ndani ya kola, na nikasikia raha ambayo sijawahi kuisikia tena mahali popote, wala kanisani, wala kwenye harusi yangu mwenyewe. Nikamwambia, "Sijui, mzee. Sijaandika bado. Njoo Jumamosi." Akanishukuru. Haki ya Mungu, alinishukuru.

Alipoondoka Mama Zawadi aliweka mwiko chini. "Wewe mtoto una wazimu? Umemshika, umemshika kabisa, halafu unamwachia?"

"Bado hajalia," nikasema.

"Na mvua? Wallahi angalia mawingu hayo. Shimo likiingia maji utamtoa nani humo?"

Nikamwambia mvua bado, na kwamba nina mpango wangu. Ni kweli nilikuwa nao, sura kwa sura, umechorwa nyuma ya daftari. Sura ya kumi na tatu ningesema wanataka jua, ili aanze kuelewa. Sura ya ishirini ndiyo angefungua shimo kwa mikono yake mbele ya watu wote. Katikati nilikuwa na sura sita za kumgaragaza.

Jumamosi ile nikasoma ya kumi na tatu. Wafu wanataka jua. Baba Minza alikuwa ameketi karibu na kuni, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Wiki iliyofuata niliandika kwa kasi ambayo sijawahi kuifikia tena, kurasa kumi na moja. Katika sura hiyo malkia asiye na kope anatoa amri: mtu yeyote asiuguse mdomo wa shimo mpaka yule aliyeliziba akawapigie magoti mama wa waliofukiwa, na akiligusa au akituma wa kuligusa kabla ya hapo, ardhi itammeza yeye na uzao wake wote mpaka wa tumboni. Nilijua ninachofanya. Kwetu mtu haendi kwa mfiwa peke yake kama anayekwenda gengeni. Lazima aite wazee wa upande wake, awaeleze kosa lake kwa mdomo wake, wakubali kumsindikiza, wapeleke ng'ombe. Nilitaka apite nyumba kwa nyumba kwa wazee wake akieleza alichofanya. Nilitaka afike uani kwetu na kundi zima nyuma yake, na mama yangu amkute magotini. Nilisoma sura hiyo kwa sauti ya juu, nikimtazama usoni. Aliondoka kabla sijamaliza.

Jumatatu asubuhi walikuja wanaume wanne nisiowajua, wakaagiza uji. Walikuwa na kamba nene mpya na winchi ya mkono juu ya baiskeli. Walikuwa na hasira: wameitwa kazi, wametoka Runzewe na vyombo vyao, wamefika wanaambiwa kazi imekufa. Mmoja hakuwa na kidole cha shahada mkono wa kulia na alishika kikombe kwa namna ya kuchekesha. Nilikipenda sana kile kidole kisichokuwepo. Nilikimbilia chumbani kukiandika, na Jumamosi wasikilizaji wangu walikutana na wanaume wanne wenye kamba wanaozunguka nchi ya chini bila kazi. Watu walicheka. Baba Minza hakuja siku hiyo. Tulisikia amekwenda kwao kuonana na wazee.

Mvua ilianza Jumanne, ikanyesha mpaka Ijumaa. Alhamisi mchana tulisikia mlio, si mkubwa, kama gunia la mahindi linaloangushwa na mtu aliyechoka, na watu wakaanza kukimbia kuelekea kule. Nilipofika, mahali pa shimo palikuwa na bonde pana la maji ya tope, mabanzi mawili yakielea. Maduara mawili ya jirani yalikuwa yamekwenda nalo. Mzee mmoja mchimbaji alipima kwa macho akasema hapo sasa hata ulete mashine za Wazungu. Baba Minza alirudi Jumamosi na wazee watano na ng'ombe mwekundu. Wakasimama kwenye ukingo wa yale maji. Hakunitazama, nami sikumtazama. Sura ya kumi na sita haikusomwa. Nilifunga vitu vyangu nikarudi kwa mama mikono mitupu, akanikuta mlangoni, akauliza, "Umemleta?" Aliniuliza hivyo kwa miaka mingi, hata akili ilipoanza kumpotea na jina langu limemtoka, nikiingia tu: "Umemleta?" Amekufa bila kumlilia mwanawe. Hilo deni, nilijiambia miaka yote, ni la Baba Minza, na nilimchukia kwa bidii, asubuhi na jioni, kama mtu anayemeza dawa.

Kolandoto nilimkuta kitanda cha dirishani. Minza alikuwa akimnywesha uji kwa kijiko. Mwanamke wa makamo sasa, na pembeni yake kijana mrefu, mwanawe. Mzee alikuwa mdogo sana chini ya shuka. Nilisimama na gauni langu zuri. Shikamoo sikumpa.

"Marahaba," akasema.

Minza alidhani baba yake anaweweseka. Mimi nililijua neno lile, na nusura nigeuke niondoke. Lakini alinionyesha kiti, na Minza na kijana wake wakatoka nje, inaonekana walikuwa wameshaambiwa.

"Umenenepa," akasema. "Vizuri. Ulifikiri nimekuita nikuombe msamaha?"

"Ulitakiwa kuniomba zamani."

"Nitaomba kwa wale waliobaki chini, nitawakuta karibuni. Wewe nina neno lako." Alipumzika, akavuta pumzi. "Uliposema wanataka jua, nilielewa. Si mjinga. Kesho yake nilituma Runzewe, nikapata vijana wanne, wachimbaji wazuri, na winchi. Tungefungua Jumatatu. Siku tatu, walisema, siku nne, wanawafikia. Kulikuwa kukavu." Akageuza kichwa taratibu ili anione vizuri. "Jumamosi ukasoma anayegusa atamezwa na uzao wake. Huyo kijana uliyemwona hapo alikuwa tumboni mwa Minza. Nikawarudisha vijana wale. Nikaenda kutafuta wazee, kama ulivyotaka."

Nilimwambia ni mwongo. Nilimwambia alikuwa mwongo tangu siku ile aliyosema wamekimbilia Runzewe, na anakufa mwongo. Sauti yangu ilipanda mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

"Sawa," akasema. "Ungeniambia tu, Kabula. Siku ile ya mihogo. Nilikuuliza." Kisha akafumba macho, na naapa kulikuwa na kitu kwenye midomo yake, si tabasamu lakini ndugu yake. "Dhambi yangu nimeibeba. Nilitaka na wewe uende na yako."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika hivi kwamba sikumbuki njia. Mzee huyu, nilijiambia, amekaa miaka yote hii akitunga uongo wa kunimaliza nao, naye ni mtunzi hodari kuliko mimi. Nilishusha sanduku juu ya kabati, nikatoa kaunta buku. Karatasi zimekuwa rangi ya chai, na bado zina harufu ya dagaa. Nikafungua sura ya kumi na tano, na nikawakuta palepale nilipowaacha, kwa mwandiko wangu safi wa Ijumaa: wanaume wanne kutoka mbali, kamba mpya, winchi juu ya baiskeli, mmoja hana kidole cha shahada, wanaulizana nani kaua kazi yao. Walikuwa wamekaa mbele yangu. Niliwamiminia uji mimi mwenyewe. Sikuwauliza aliyewaita ni nani, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kuwaandika.

Bado namchukia Baba Minza. Naliandika hilo wazi ili asije mtu akadhani nimebadilika. Matimba aliyaacha yaoze yeye, na shimo aliliziba yeye. Ila chuki ile ilikuwa na mtu mmoja, na sasa ina wawili, na mmoja namwona kila ninapochana nywele. Jioni ile binti yangu alipika ugali na dagaa wa nyanya, akaniita mezani. Nikala tonge moja, la pili. Nilionja tena mchuzi peke yake, kwa kijiko, nikihakikisha. Kisha nikamwomba anipitishie chumvi.

"Mama, ipo," akasema. "Nimeweka ya kutosha."